Maji ya Kilindini kwa Mtoto wa Faila

Liège, Jumapili mchana

Papa yangu mpendwa,

Kwanza nauliza habari ya motere ya mashua yako. Najua nikianza na goti lako utasema nimeshakuzeesha, kwa hiyo acha tuanze na motere: imepona? Bado inakohoa ukiiwasha asubuhi, au yule fundi wa bandarini amekubali hatimaye kwamba wewe njo ulikuwa na haki? Baada ya motere, goti. Baada ya goti, presha ya Mama. Baada ya presha, nyinyi wote hapo nyumbani, mmelala namna gani, mmeamka namna gani, mnakula nini? Mimi niko salama. Nimenenepa mashavuni, na kosa ni la viazi. Huku watu wanakula viazi utadhani kesho serikali itavipiga marufuku.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu ulisema simu inapeleka maneno haraka mno, mtu hapati hata nafasi ya kukasirika vizuri. Basi hii utakasirika nayo polepole. Nitaipiga picha, Faila ataipeleka pale kwenye biro ya fotokopi, watakutolea karatasi. Ukiona herufi zimepinda, ni baridi ya huku, si kwamba nimesahau shule uliyonilipia minerval, karo ya kila mwaka, kwa samaki.

Sasa nisikuzungushe, maana najua umeshakunja uso. Mdogo wangu Faila amenituma. Tumbo lake limekuwa kubwa kiasi kwamba anasema akitaka kuona miguu yake lazima aombe msaada, na siku yoyote atajifungua. Na kipindupindu kimerudi tena hapo Kalemie, jirani yenu wa nyuma amelazwa. Halafu wewe umeshatangaza kwamba mtoto akizaliwa utamwonjesha ziwa, kama ulivyotuonjesha sisi wote, kama Babu alivyokuonjesha wewe kule Fizi: unatoka na mashua mpaka milima ya pwani inakuwa midogo, unashusha bidon, lile dumu lako, kwa kamba, unavuta maji ya kilindini, unayaleta hivyo hivyo nyumbani, unachovya kidole na kumtia mtoto mdomoni. Faila anaogopa. Aliniambia, "Yaya, mimi siwezi kumukatalia Papa. Nakaa naye mu parcelle moja. Wewe uko mbali, ukimukasirisha hatakufikia."

Umeona huyo? Mimi niko ng'ambo ya dunia, ananituma nipigane na wewe, yeye amekaa kwenye kiti anatafuna udongo wake wa mimba.

Na wewe nilikusikia, Papa. Faila alikuwa ananirekodia ujumbe, sauti yako ikaingia kutoka uani, ukafikiri haitafika Bulaya. Ulisema, "Maji ya kilindini ni baridi! Ugonjwa haukai mu baridi! Ugonjwa uko pale kwa pwani, kwa bale benye kutupa takataka. Mimi nayakunywa tangu sijaota meno, nilikufa?" Hapana, Papa, hukufa, na tunamshukuru Mungu sana. Nilicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Kisha nikaacha kucheka, maana hiyo habari ya baridi njo kazi yangu kabisa, ile unayowaambia watu bandarini kwamba binti yako anafuga wadudu kwa Wazungu. Acha nikueleze hao wadudu wangu, halafu utahukumu mwenyewe.

Kidudu cha kipindupindu ni kidogo, jicho haliwezi kukiona. Lakini ndani yake kuna maagizo yote ya maisha yake: namna ya kula, namna ya kuogelea, namna ya kutengeneza ile sumu inayomkamua mtu maji yote mwilini. Maagizo hayo tunayaita jeni. Kidudu hakiyatumii yote kwa wakati mmoja, kina akili kuliko vile unavyodhani. Kikitaka kutumia agizo fulani, kinalinakili kwanza, na nakala yenyewe ni uzi mwembamba unaoitwa RNA. Kisha kuna mashine ndogo mno humo ndani inayoushika uzi, inausoma kuanzia mwanzo, na kutengeneza kile kilichoagizwa.

Sasa sikiliza ujanja wake. Uzi ule haukai umenyooka. Unajikunja, unajishika wenyewe kwa wenyewe, na mahali pale pale ambapo mashine inatakiwa kuanza kusoma pamefichwa katikati ya mkunjo. Kwenye maji ya baridi mkunjo unabana. Mashine inakuja, inapapasa, haioni pa kuanzia, inaenda zake. Agizo lipo, limeshanakiliwa, ila halisomeki. Siku kidudu kinapoingia tumboni mwa mtu, kinakutana na joto. Joto linalegeza mkunjo, mwanzo wa uzi unatokea wazi, mashine inaanza kusoma. Na kinachotengenezwa hapo ni kama kapita, msimamizi wa kazi: yeye njo anayewaamsha wengine wote watengeneze sumu. Hakuna aliyekiambia kidudu kwamba kimefika ndani ya mtu. Ni uzi wenyewe unaohisi joto na kujifungua.

Najua unasema, hayo ni maneno ya vitabu. Basi ngoja nikusimulie aibu yangu, uone kama ni ya vitabu.

Hapa maabara hatufugi kipindupindu chenyewe, mwambie Mama asianze kufunga na kuomba. Tulichukua kipande cha uzi ule tu, tukakiweka ndani ya vidudu vingine visivyo na madhara, na nyuma yake tukaunganisha agizo la kung'aa rangi ya kijani. Uzi ukiwa umejikunja, vidudu havionyeshi kitu. Uzi ukifunguka, vinang'aa. Kazi yangu ilikuwa kuonyesha kwamba vile vya baridi having'ai na vile vya joto la mwili vinang'aa. Kazi rahisi, ungesema ya mtoto wa shule ya primer.

Vya baridi vikang'aa.

Nikarudia kila kitu kuanzia mwanzo. Vikang'aa tena. Madame, mama anayeongoza maabara yetu, mrefu kama nguzo ya umeme na mpole ila hapendi upuuzi, akaniita na kusema labda uzi wetu tuliutengeneza vibaya, labda tuutupe wote tuanze upya. Kazi ya miezi, Papa! Nilikuwa nalala nikiona kijani. Nilianza hata kuchukia majani ya sombe.

Kumbe tatizo halikuwa uzi. Tatizo lilikuwa binti yako.

Mashine ya kupima ule mng'ao iko jengo la pili, ng'ambo ya uwanja. Na uwanja wenyewe wakati huu ni theluji tupu, vidole vinakufa ganzi kabla hujafika katikati. Siku ya kwanza kabisa niliangusha kichupa, nikakitafuta nimepiga magoti, nikilia na kutukana kwa Kibembe. Basi kuanzia siku ile nikafanya kile ambacho Mama, na Bibi, na mama yeyote wa soko la Kalemie angefanya akiwa na kitu asichotaka kukipoteza. Mimi huwa najifunga kikwembe juu ya suruali, kwa ajili ya baridi, kile chenye picha za samaki wa bluu alichonipa Mama siku ya kuondoka. Nikavifunga vichupa kwenye pindo la kikwembe, fundo zuri la kukaza, nikalisukuma kiunoni chini ya koti. Hapo hata mwizi wa bandarini asingeweza. Nikavuka uwanja kwa raha zangu. Na kule kwenye mashine kila siku nilimkuta mwanaume mmoja wa idara nyingine, mtu asiye na haraka na dunia, anapima vitu vyake kimoja kimoja. Namngoja saa nzima, wakati mwingine zaidi, nimekaa kwenye benchi, nimejikunyata na fundo langu tumboni, nawaza ndagala wa kukaanga.

Siku moja Joris akanikuta hapo. Joris ni mwenzangu wa maabara, kijana wa hapa hapa, ndevu zake zina rangi ya mahindi. Zamu yangu ilikuwa imefika, nikafungua koti, nikaanza kupapasa kiunoni. Akaniuliza, "Riziki, unatafuta nini tumboni?"

"Vichupa vyangu vya baridi."

"Vya nini?"

"Vya baridi. Vile vya ba—"

Nikasikia neno lenyewe likinitoka mdomoni. Mama weee! Nilibaki nimeshika pindo la kikwembe hewani kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Vichupa vilikuwa na joto, Papa. Vilikuwa na joto kama yai lililotoka chini ya mama yake. Joris alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, hata yule mwanaume asiye na haraka akageuka kutazama.

Madame hakucheka, mwanzoni. Alinigombeza, tena vizuri, kwamba kitu cha maabara hakipandi kwenye nguo ya mtu hata kama hakina madhara, na alikuwa na haki. Kikwembe changu kikatiwa kwenye lile sufuria lao kubwa la mvuke kuua kila kitu, na wale samaki wa bluu wametoka humo wamepauka kama wameugua. Habari hiyo mpe Mama baada ya kula, si kabla. Kesho yake nikarudia kazi. Vichupa vingine kwenye ndoo ya barafu mpaka mlangoni pa mashine, vingine kwenye kisanduku cha joto lililopimwa sawasawa na tumbo la mtu. Vya barafu havikung'aa hata kidogo. Vya joto viling'aa kijani mpaka nikapiga kigelegele, na watu wakatoka kwenye biro zao kuuliza kuna nini. Sasa Madame akipata wageni ananiita, anasema, "Riziki, wasimulie ile ya nguo," na sasa yeye njo anacheka kwanza.

Umeona ninachotaka kusema? Maji yalikuwa yale yale. Vidudu vile vile. Sikuongeza chochote. Niliongeza tumbo langu tu.

Kwa hiyo Papa, unaposema maji ya kilindini ni baridi, una haki nusu. Katika baridi kitu kile hakifanyi fujo. Lakini hakijafa, kimejikunja. Na ulimi hauwezi kukijua, na jicho haliwezi. Sitakudanganya, maji ya mbali ni safi kuliko ya pwani, pengine bidon zako nyingi hazikuwa na kitu kabisa, na sijui hii ya sasa ina nini. Ila tumbo la mtoto mchanga lina joto kama langu, na ni dogo, halina pa kukimbilia.

Nikamweleza Faila haya yote kwenye simu. Unajua alinijibu nini? "Yaya, basi Papa atasema kuchemsha njo kuiamsha!" Nilishika kichwa, maana kweli utasema hivyo, nakujua. Hapana, Papa. Joto la mwili linakiamsha, moto wa jikoni unakiua. Yakitokota vizuri kinakufa kidudu, inakufa mashine, unakatika uzi, hakibaki kitu cha kuamka. Na dawa ya maji wanayotia pale pwani pia inakiua, ingawa unasema inakunywesha javel ya kufulia. Mimi pia siipendi harufu yake. Kunywa ukiziba pua, ulitufundisha wewe wakati wa kwinini.

Nilichokuwa nataka kukuomba ni hiki. Usiache kumpeleka mtoto kwa ziwa. Mimi ningeona vibaya kama mtoto wetu asingelijua. Vuta maji yako kule kule mbali, kwa kamba yako. Yachemshe, yaache yapoe. Umpake kwenye paji la uso na nyayo, umwambie maneno yale yale ya Babu. Mdomoni bado, mkunga amesema maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, na mimi sina ubavu wa kubishana na mkunga wa Kalemie. Akikua atayanywa kwa kikombe chake, yamechemshwa, atakuuliza maswali mpaka uchoke.

Hapo niliweka kalamu chini nikaenda kupika. Sasa nimerudi na herufi zitapinda zaidi, na safari hii si baridi. Faila amejifungua! Msichana! Shemeji Asukulu njo alipiga, analia na kucheka, sikuelewa hata neno, nikajibu tu "ndiyo, ndiyo, aksanti Mungu." Nimerukaruka hapa chumbani kama mwehu. Mwenye nyumba amegonga ukuta tena. Nikamwambia kupitia ukuta huo huo kwamba mimi ni mama mkubwa wa mtu, na hajagonga tena.

Kisha Mama akachukua simu. Akaniambia maji umeshaleta, bidon iko kwenye kona ya sebule, lakini hujaifungua. Kwamba umesema unangojea barua ya Riziki. Nilifurahi, nikasema, "Basi Papa ameanza kulegea." Nikasikia anatembea, nikasikia mlango wa uani, halafu akashusha sauti: "Riziki, si ubishi. Papa yako akikubali kama ugonjwa unaweza kukaa mu maji ya kilindini, itabidi akubali na ya Etabo."

Nikakaa kitandani, simu bado sikioni.

Papa, hatujawahi kusema jina hilo mbele yako, na Faila hakumjua kwa sababu alizaliwa baada yake. Lakini mimi nilikuwa mkubwa, mimi nakumbuka. Etabo, mdogo wangu, alikuwa ameanza kukimbia tu. Ulitoka safari ya Moba, akakukimbilia pwani, ukamnywesha maji ya kilindini kwa kifuniko cha bidon, akacheka kwa sababu yalikuwa baridi. Siku chache baadaye akaugua, na hakupona. Nilidhani miaka yote hii unabisha kwa sababu ya kiburi, na nilikuwa nakutania hivyo hivyo. Sikujua umebeba hilo. Nisamehe kwa kila mara niliyocheka.

Sasa sikia, na hapa nakuandikia kama mtu wa kazi hii, si kama binti anayekubembeleza. Mwaka ule ugonjwa ulikuwa kila mtaa. Inaweza kuwa maji yale. Inaweza kuwa embe alilookota, au mkono wa mtoto mwingine, au maji ya kisima alikocheza asubuhi yake. Sijui, mashine yangu haijui, na hakuna atakayejua. Lakini tuseme yalikuwa ni maji yale. Ulionja wewe kwanza, Papa. Nilikuwepo, nilikuona. Yalikuwa baridi, safi, matamu. Kitu kile kilikuwa kimejifungia ndani yake, kimeficha mwanzo wake, na watu wenye mashine za bei ya meli walihangaika miaka na miaka mpaka wakaujua ujanja wake. Wewe ulitakiwa ukijue kwa ulimi? Hukumpa Etabo ugonjwa. Ulimpa maji, kwa mapenzi, kama Babu alivyokupa wewe. Nalia nikiandika hivi na sitaki kufuta, acha karatasi ilowane.

Msalimie Mama, umwambie nimekupa yote aliyoninong'oneza, asinigombeze. Msalimie Faila, mama mpya, umwambie kazi aliyonituma nimeimaliza na sasa mimi namdai usingizi. Msalimie shemeji Asukulu, na mama mkwe wa Faila aliyekuja kutoka Nyunzu na kuku wake, na fundi wa motere hata kama alikosea, na mchungaji wetu. Mbusu mtoto kwa niaba yangu, polepole, ndevu zako zinachoma.

Kisha washa jiko, Papa. Yachemshe hayo yaliyo kwenye bidon, yaache yapoe, umshike mtoto wewe mwenyewe. Asimshike Asukulu, asimshike mchungaji. Mshike kwa mkono ule ule uliomshika Etabo. Faila hauogopi mkono wako, Mama hauogopi, na mimi sijawahi kuuogopa hata siku moja.

Ni mimi binti yako wa kwanza, uliyemwonjesha ziwa kwa mkono huo,

Riziki